Mbuzi wa Mashavu katika Nchi ya Wenyewe

Ipo nchi, na asiyeamini aitafute kwenye ramani; akiikosa ndipo ataamini. Jina lake Nchi ya Wenyewe, na wakazi wake wanaitwa Wenyewe, kwa sababu huko hakuna kitu kisicho na mwenyewe. Kuku ana kibati shingoni chenye jina la mwenye kuku. Mpapai una kibati, na kila papai lina kibati chake, kwa kuwa mpapai unaweza kuwa wa baba na papai likawa la mkwe. Watu wa huko hawaulizani hali. Wakikutana husema, "Cha nani?" na mwenzake hujibu, "Changu," wakapita, kila mtu na lake. Wamewahi kushtakiana hata kwa kivuli cha mti: asubuhi mahakama ikaamua ni cha jirani wa magharibi, jioni ikabidi ikae tena kumpa jirani wa mashariki, na mpaka hivi leo hakimu wa kivuli hali chakula cha mchana kwa utulivu.

Katika nchi hiyo aliingia Mashavu, mwanamke wa makamo, mkaanga mihogo, mwenye ulimi ambao mawifi zake waliuogopa kuliko panga. Hakwenda kutembea. Kwao kulikuwa kumeshika moto, moto wa watu wenye bunduki, na siku ya kukimbia lilipatikana lori moja tu, dereva wake akasema anachukua watoto, wakubwa ni wazito. Mashavu akampakia Zuwena, binti wa marehemu kaka yake, mtoto ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanaota upya. Mtoto akang'ang'ania kanga ya shangazi yake mpaka ikachanika pindo. Mashavu akamwambia, "Tangulia. Nakuja nyuma."

Neno hilo ndilo lililomleta. Alisema anakuja nyuma, na nyuma ikawa ndefu.

Mpakani askari alimtazama kutoka utosini hadi unyayoni, akitafuta kibati.

"Cha nani?" akauliza.

"Nini cha nani?"

"Wewe. Mwenyewe ni nani?"

"Mwenyewe nani tena? Mimi mwenyewe!"

"Ahaa," askari akasema, uso umemfunguka kama aliyeonjeshwa asali. "Mwenyewe ni mwenyewe. Jibu zuri. Pita, bi mkubwa."

Mashavu akapita akicheka kimoyomoyo. Hakujua kwamba kwenye lango lilelile, kabla yake, mtoto aliulizwa, "Umekuja na nani?" akajibu kwa haya, macho chini, "Nimekuja mwenyewe." Na askari, kwa sheria ya nchi yao, akasikia alichozoea kusikia. Akapiga mhuri: mwenyewe ni yeye.

Watoto wa namna hiyo walipelekwa Nyumba ya Faraja, jengo la rangi ya maziwa, lenye bustani ambayo kila ua lilikuwa na kibati chake. Msimamizi wake, Bi Nadhifa, alimpokea Mashavu kwa mikono miwili, akamkalisha, akampa maji ya limau.

"Zuwena? Alikuwepo," akasema. "Kitanda chake kile pale. Kimetandikwa."

"Sikuuliza kitanda, dada yangu. Mtoto yuko wapi?"

"Ameondoka mwenyewe."

"Ameondoka kwenda wapi? Na nani?"

"Mama, kama ningejua, asingekuwa ameondoka mwenyewe, angekuwa ameondoka na mimi." Akamshika bega kwa huruma. "Lakini moyo wako utulie. Shuka zipo. Mto upo. Tangu tufungue nyumba hii hatujawahi kupoteza hata foronya."

"Na watoto?"

"Ah, watoto hawana vibati," akasema Bi Nadhifa, kama mtu anayeeleza kwa nini samaki hawana masikio.

Mashavu akatupa macho ukumbini. Ulikuwa wakati wa watoto kupumzika baada ya chakula. Vitanda vilipangwa toka ukuta hadi ukuta, na vingi, vingi mno, vilikuwa vimenyooka bila mkunjo.

Akatoka bila kumaliza maji ya limau.

Njiani kuelekea mjini alikuta kishindo. Baragumu, ngoma, askari wa farasi, mbwa wanaonusa hadi mifereji, na wanafunzi wameachiwa masomo wanapekua vichaka. Mashavu akamkamata mpita njia mkono.

"Kaka, kuna vita?"

"Vita nafuu! Mwavuli wa mkwe wa hakimu umesahaulika harusini."

Kabla hajafika njia panda, vigelegele vikarindima. Mwavuli umepatikana. Mwenye mwavuli alibebwa juu juu, na mwavuli wenyewe ukafunguliwa na kufungwa, ukafunguliwa na kufungwa, ili kila raia ashuhudie kwamba serikali ipo. Mashavu akafarijika. Akajisemea, kama mwavuli unatafutwa hivi, mtoto si watatikisa milima?

Idara ya Vipotevu iliongozwa na Bwana Taratibu, mzee mwembamba, mpole, aliyezungumza kana kwamba kila neno analishusha kwa ngazi. Alimsikiliza Mashavu mpaka mwisho. Hakumkatiza. Akafuta miwani yake, kisha akauliza:

"Mwenyewe ni nani?"

"Wa mtoto? Ni mimi, shangazi yake. Baba yake alikuwa kaka yangu, tumbo moja."

"Shangazi," Bwana Taratibu akalitafuna neno. "Shangazi, bi mkubwa, ni mwenye ushauri. Ni mwenye maneno siku ya harusi. Si mwenye mtoto. Na kwenye daftari la mpakani imeandikwa wazi: mtoto huyu alikuja mwenyewe. Kwa hiyo mwenyewe ni yeye."

"Sawa, mwenyewe ni yeye. Amepotea. Mtafuteni."

"Tutamtafuta kwa nguvu zote. Sheria inataka kitu kimoja tu: mwenye kitu kilichopotea aje hapa, mwenyewe, aripoti."

Mashavu akamtazama. Akatazama dari. Akamtazama tena.

"Bwana mkubwa. Aliyepotea aje kuripoti kwamba amepotea?"

"Ndiyo."

"Akija si atakuwa hajapotea?"

"Ndiyo!" Bwana Taratibu akafurahi waziwazi kupata mtu anayeelewa haraka. "Na ndiyo maana katika nchi yetu, kwa baraka za Mungu, hakuna mtoto aliyewahi kuthibitika kupotea. Wote waliokuja kuripoti walikutwa wapo."

Damu ilimpanda Mashavu mpaka kwenye ndewe za masikio. Kwao angekuwa ameshavua kiatu. Lakini mgeni ni kuku mweupe, na kiatu chenyewe kilikuwa kimoja kizima na kimoja cha kamba. Akameza mate.

"Usione tumekaa tu," Bwana Taratibu akaongeza. "Bahati yako leo Baraza linajadili suala hilihili. Twende usikilize, utaona tunavyoumia."

Baraza lilikuwa limejaa. Mjadala ulikuwa wa neno. Mheshimiwa mmoja mwenye kitambi cha heshima alisimama na kuonya kwamba "kupotea" ni neno la hatari kwa taifa.

"Waheshimiwa, neno hili lina ndugu," akasema. "Ndugu yake anaitwa 'kupoteza'. Ukimkaribisha 'kupotea' sebuleni, kesho 'kupoteza' yuko mlangoni na mizigo. Na huyu 'kupoteza' haji peke yake. Anakuja na swali: nani?"

Baraza likaguna kwa hofu. Wanawake wakajifunika mitandio.

Mwingine akapendekeza watoto hao waitwe "wasioonekana kwa sasa". Wa tatu akapinga. "Kwa sasa" inaahidi baadaye, na serikali haiwezi kuahidi baadaye bila bajeti. Wa nne akatoa "waliojiendea", likapigiwa makofi. Ndipo sauti moja, nyuma kabisa karibu na mlango, ikasema, "Watafutwe."

Kicheko kikaanza mbele kikasambaa hadi nyuma. Spika akapiga meza.

"Mheshimiwa wa nyuma, tafadhali. Tunatafuta jina la watoto. 'Watafutwe' si jina."

Mheshimiwa wa nyuma akaomba radhi, akakaa.

Ili kufunga kikao akaitwa Msikitikaji Mkuu wa Serikali. Cheo hicho kipo huko, na ni kikubwa. Nchi nyingine serikali nzima husikitika, kazi zikalala. Wenyewe wameona ni busara asikitike mmoja kwa niaba ya wote. Jina lake Mheshimiwa Majonzi, mtu mnene, laini, mwenye joho jeusi lililotariziwa machozi ya fedha. Alipanda jukwaani, akatoa leso pana kama shuka, akaifunika usoni. Alipoitoa, machozi yalikuwa yanamtiririka kama mfereji wa paa.

"Nimesikitika," akasema, na ukumbi ukasikitika. "Nimesikitika sana." Ukumbi ukasikitika sana.

"Umeona?" Bwana Taratibu akamnong'oneza Mashavu, naye akijifuta. "Hajawahi kukauka, huyu. Miaka nenda miaka rudi."

Leso ilipopungwa, upepo wake ukampitia Mashavu puani. Akanusa. Akanusa tena. Maisha yake yote yalikuwa yamepita kando ya karai na ubao wa kukatia, na pua yake haikuhitaji kuambiwa mara mbili. Kitunguu. Kitunguu maji, chekundu, kimemenywa asubuhi ileile.

Akaliweka jambo hilo moyoni, kama mtu anavyochomeka sindano kwenye upindo wa kanga akijua ataihitaji.

Walipotoka nje alimgeukia Bwana Taratibu kwa sauti ya asali.

"Bwana mkubwa, niulize tu kwa kutaka elimu. Mbuzi akipotea?"

"Mbuzi!" Mzee akashika kifua. "Mungu apishe mbali. Mbuzi ana mwenyewe. Tunapiga mbiu saa ileile."

"Na mwenye mbuzi akiwa mgeni?"

"Sheria yetu haimbagui mwenye mali."

"Basi mwenzio nimepotelewa na mbuzi."

Bwana Taratibu hakuona ajabu. Mwenye shida moja hakatazwi ya pili. Mwili wake wote ukaamka, ngazi alizokuwa akishushia maneno akaziruka, akamwita mpiga mbiu kwa sauti ya kijana. Mpiga mbiu huyo aliitwa Hamdu, barobaro kifua mbele, baragumu begani, aliyejifunza ushairi kwa kusimama madirishani mwa watu wenye redio, na aliyeamini kwamba nchi ile haijapata na haitapata mwingine kama yeye.

"Mbuzi wa namna gani?" Bwana Taratibu akauliza.

"Jike. Mdogo. Mwembamba wa miguu. Kidevuni ana alama, aliangukia jiko akiwa anatambaa."

"Rangi?"

"Maji ya kunde."

"Jina?"

"Zuwena."

"Jina zuri kwa mbuzi. Anaitikia?"

"Anaitikia kwa beti," Mashavu akasema bila kupepesa. "Ukimpa nusu, anakumalizia nusu."

Hamdu akatoa macho. "Mbuzi anatunga?"

"Mwanangu, kwetu sisi hata kuku wana vina. Sikiliza, unapopita uite hivi:

*Nani kaila sukari, na kijiko hakuosha?*

Mbuzi wangu akisikia hatanyamaza. Hajawahi kunyamaza kwa ubeti huo tangu akae vizuri kwenye mkeka."

Hamdu akaurudia ubeti kinywani, akainua nyusi. "Mama, sukari si neno la mbiu. Mimi ningesema, 'Ewe mbuzi wa fahari, uliyepotea bwasha—'"

"Wewe!"

"Naboresha tu, mama."

"Boresha nywele zako. Mbuzi wangu hakunywa maziwa ya ubeti wako. Sema nilivyokupa, sukari na kijiko, ukiongeza neno nakushtaki kwa kuharibu mali ya watu."

Neno "mali ya watu" lilimpiga Hamdu kama bakora. Akanyoosha mgongo.

Mbiu ikalia. Nchi ikatoka. Askari wa farasi, mbwa, wanafunzi, waokaji mikate wameacha mikate, bibi harusi na shela lake. Maana mbuzi si mwavuli, mbuzi ana roho. Mtaa kwa mtaa Hamdu akapaza, "Nani kaila sukari, na kijiko hakuosha?" na watu nyuma yake wakatega masikio, wakasikia mbwa tu na vifaranga. Mashavu alitembea pembeni yake. Kila ubeti ulipopaa bila jibu, alihisi pindo la kanga likichanika upya. Je, kama mtoto yuko ng'ambo ya bahari? Je, kama yuko pale pale na amesahau? Je, kama anasikia na kinywa kimezibwa?

Walipofika mtaa wa mabwana wakubwa, Hamdu alianza kuchoka. Akaegemea ukuta mrefu mweupe wa nyumba moja, akavuta pumzi.

"Mama, mbuzi wako labda ameacha ushairi."

"Tena," Mashavu akasema. Pua yake ilikuwa imesimama. Juu ya ukuta ule, kutoka kwenye dirisha dogo la nyuma, harufu ilikuwa inashuka nzito kama blanketi. "Hapahapa. Tena, mwanangu. Kwa nguvu."

Hamdu akajaza kifua.

"*Nani kaila sukari, na kijiko hakuosha?*"

Mbwa mmoja akapiga chafya. Kisha, kutoka dirishani, sauti nyembamba, iliyokauka, yenye hasira ya mtu anayesingiziwa:

"*Ni sisimizi hodari, si mimi, umenichosha!*"

Mashavu hakupiga kelele. Akakaa chini mchangani kama mzigo ulioshushwa.

"Mbuzi!" Hamdu akanguruma. "Wallahi, na mizani imetimia!"

Askari hawakubisha hodi. Kwa ajili ya mbuzi sheria inaruhusu kuvunja mlango. Wakauvunja, umma ukafuata, wakajikuta jikoni. Kulikuwa na vilima vya vitunguu mpaka darini. Na kuzunguka vilima hivyo, juu ya vibao, walikaa watoto, vidole vimechubuka, macho mekundu kama pilipili, wakimenya. Mtoto mmoja mwenye alama kidevuni alisimama, kisu mkononi, akamtazama Mashavu kama mtu anayetazama deni asilotarajia kulipwa.

"Ulisema unakuja nyuma," Zuwena akasema.

"Nimekuja."

"Yule bwana mwenye gari alisema ananipeleka kwa shangazi. Akanileta hapa." Akakiweka kisu chini. "Nikajua si wewe. Wewe hunuki vitunguu hivi. Wewe unanuka mihogo."

Kwa mlango wa ndani akaingia mwenye nyumba, joho limefunguliwa vifungo, leso shingoni. Alikuwa Mheshimiwa Majonzi, Msikitikaji Mkuu. Alipouona umma alisikitika papo hapo, kwa mazoea, ila bila leso yenye kitunguu machozi hayakuja.

Umma ukawatazama watoto. Ukamtazama Majonzi. Ukavitazama vitunguu. Kisha, kama desturi ya nchi ile ilivyo, wote wakamtazama Bwana Taratibu.

Mzee alikuwa anatoka jasho. "Hapa pana tatizo la kisheria," akasema.

"Tatizo gani?" Mashavu akauliza, mkono umeshamshika mtoto.

"Bi mkubwa, huyu si mbuzi."

"Ameitikia ubeti."

"Ameitikia, sikatai. Lakini nikitazama kwa macho, naona mtoto. Na akiwa mtoto, ni mwenyewe. Na akiwa mwenyewe, basi hajapotea, yupo alipojiendea mwenyewe, na mimi sina mamlaka ya kumtoa mtu pale alipojiendea." Akashusha sauti, na safari hii ilikuwa sauti ya babu wa watu, si ya mkuu wa idara. "Akiwa mbuzi, ni wako. Mchukue saa hii. Lakini lazima awe mbuzi. Mbele ya umma. Alie."

Mashavu akainama mpaka uso kwa uso na mtoto.

"Zuwena, mama. Lia kama mbuzi."

"Sitaki."

"Mara moja tu."

"Mimi si mbuzi, Shangazi." Machozi yakamjaa, ya kwake mwenyewe sasa, si ya vitunguu. "Kule kwenye nyumba walisema sina kibati. Huku wananiita 'wewe'. Sasa na wewe unaniambia mbuzi. Mimi ni Zuwena. Ni mtu."

Hamdu, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, aliangalia vidole vyake vya miguu.

Kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, ulimi wa Mashavu haukuwa na kitu. Alijua mtoto ana haki. Alijua vilevile kwamba haki hiyo, katika nchi ile, haina mlango wa kutokea. Akapiga magoti. Akaweka viganja viwili chini, juu ya maganda ya vitunguu, kanga ikiburuzika, yeye mwanamke mzima ambaye mawifi walimwogopa. Akainua shingo mbele ya askari, waokaji mikate na bibi harusi, akalia:

"Meeee."

Alilia vizuri. Alilia kama jike aliyefungwa mbali na mwanawe. Kisha akageuza kichwa, akamkonyeza mtoto.

Zuwena akamtazama shangazi yake pale chini, na maganda yamemganda kwenye kanga. Kona ya mdomo ikaanza kumchezacheza. Akajaribu kuizuia ikamshinda.

"Shangazi, unalia kama beberu," akasema. "Hivyo sivyo." Akavuta pumzi. "Mee-ee-eee."

"Mbuzi!" Bwana Taratibu akapiga kelele, na umma ukapasuka kwa vigelegele. "Mbuzi, bila shaka yoyote! Leteni kibati!"

Hapo ndipo likatokea ambalo hakuna aliyelipanga. Nyuma ya kilima cha vitunguu, mtoto mwingine, mvulana mwenye sikio lililokatika ncha, akasema polepole, kama anayejaribu maji kwa kidole, "Mee?" Kando yake msichana akasema, "Meee." Kisha mwingine. Kisha jiko zima, sauti nyembamba na nene, zilizokauka na zilizolia, meee, meee, mpaka masufuria yakatikisika ukutani.

Bwana Taratibu akashika kichwa. "Na hawa? Hawa ni wa nani?"

"Wangu," Mashavu akasema, bado magotini.

"Uliripoti mbuzi mmoja!"

"Bwana mkubwa," Mashavu akasema, akijikung'uta magoti, "umeshawahi kufuga? Mbuzi huzaa."

Mheshimiwa Majonzi akaona mali inamtoka. "Haiwezekani!" akafoka. "Nani atamenya? Kesho nina masikitiko mawili na moja la kitaifa! Wale ni—"

Akakwama.

"Ni?" Bwana Taratibu akamgeukia, na wenye masikio wakasikia kwamba ngazi zake zimerudi, anashuka moja moja. "Ni wako, Mheshimiwa? Wewe ndiye mwenyewe? Kwa sababu ukiwa mwenyewe, nitalazimika kuuliza umewapata vipi. Na 'kupoteza', kama tulivyoambiwa Barazani, ana swali lake."

Mheshimiwa akajipapasa shingoni. Akatafuta leso, akaikuta kavu.

"Walikuja wenyewe," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Basi nao wanaondoka wenyewe," akasema Mashavu. "Hamdu, piga baragumu."

Hamdu akapiga. Na kwa kuwa alikuwa yeye, hakuweza kujizuia. Akaongoza kundi lile barabarani akitunga papo kwa papo, kwa sauti ya kutikisa vibati:

*Wenyewe mna miliki, ya kivuli na mawingu,*
*Ila mwana hamtaki, kusema huyu ni wangu;*
*Leo mbuzi wana dhiki, walia kwa ulimwengu,*
*Mwenye haya hafichiki, ajifiche kwenye chungu!*

Mashavu alimsikiliza, akasema, "Huo sasa ni ubeti," na kijana yule alitembea siku ile nzima miguu haigusi ardhi.

Mpakani askari aliwatazama: mwanamke mmoja, na nyuma yake watoto, kila mmoja na kibati shingoni kimeandikwa *Mbuzi wa Mashavu*. Akasalimu kwa heshima zote. Akawapa na majani ya njiani.

Walipovuka, Mashavu alivikata vibati kimoja baada ya kingine akavitupa mtoni. Kila alipokata, alimwuliza mtoto jina lake, na akalirudia kwa sauti, maana majina mengine yalikuwa hayajaitwa kwa muda mrefu na yalihitaji kunyooshwa. Cha Zuwena alikikata mwisho.

"Umechelewa," Zuwena akasema.

"Nimechelewa."

"Usiseme tena unakuja nyuma. Sema unakuja ubavuni."

"Ubavuni," Mashavu akasema, naye mtoto akashika kanga palepale ilipochanika.

Nchi ya Wenyewe ipo hadi sasa, na mambo yake ni mazuri. Mwavuli ukipotea hupatikana kabla ya mvua. Baraza lilipitisha "waliojiendea". Mheshimiwa Majonzi amepandishwa cheo na kupewa jiko kubwa zaidi. Jambo moja tu linawatatiza wapita njia: ukipita nyuma ya nyumba kubwa za huko, hata zile ambazo hazijafuga mnyama tangu zijengwe, utasikia mbuzi wanalia jikoni. Habari ya Mashavu iliwafikia wanaomenya humo kwa njia wanazozijua wenyewe. Wanajifunza. Wanalia vizuri siku hadi siku, shingo zimeelekea dirishani, wanamsubiri mwenyewe.